Mto Sabaki: udongo huu mwekundu umetoka wapi?

Mwalimu wa Malindi

Assalaam aleikum, na salamu kwa wote wasio wa dini yangu.

Ninafundisha jiografia katika shule moja hapa Malindi. Wiki iliyopita, siku chache baada ya mvua za kwanza za vuli kunyesha bara, niliwapeleka wanafunzi wangu kwenye daraja la Sabaki, kaskazini mwa mji, ili wauone mto kwa macho yao kabla ya kuusoma kitabuni. Mto ulikuwa umejaa, na maji yake yalikuwa mazito na mekundu, mfano wa chai ya maziwa iliyokolea majani. Tulichota chupa moja tukarudi nayo darasani. Kesho yake asubuhi mchanga ulikuwa umetua chini, na juu ya mchanga kulikuwa na tabaka jembamba la udongo laini, lakini maji yenyewe yalikuwa bado hayapitishi mwanga. Msichana mmoja aliyekuwa ameikodolea macho chupa hiyo tangu kengele ya kwanza akaniuliza: “Mwalimu, mchanga wa kwetu ni mweupe. Huu mwekundu ni wa nani?”

Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Kitabu kinasema mto huu unaanzia Ngong na jina lake ni Athi. Ramani iliyobandikwa ukutani inauita Galana. Sisi wenyewe tangu utotoni tunaujua kwa jina la Sabaki. Isitoshe, wazee wetu husema kwamba kuna miezi tope hujaa mbele ya mji wa Malindi na kuna miezi huhamia Mambrui, ilhali mlango wa mto uko palepale. Naomba anayeyajua haya anifafanulie: mto huu unakusanya maji ya sehemu zipi za nchi, udongo huu unatoka wapi hasa, na kwa nini bahari haichafuki upande mmoja mwaka mzima. Ningependa kurudi darasani na maelezo ambayo mtoto anaweza kuyafuata kwa kidole kwenye ramani.

Mzee wa Vipimo

Wa aleikum salaam, Mwalimu. Mwanafunzi wako ameuliza swali zito, nami nitalijibu nikianzia mbali kidogo, kwa sababu mto haueleweki kwa kutazama mlango wake peke yake. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusoma vipimo vya kina cha maji, yaani vile vibao vyenye alama vinavyosimikwa ukingoni, na baadhi ya vibao nilivyovisoma vilikuwa katika mto huu.

Majina kwanza, kwa kuwa hayo ni mepesi. Mto ni mmoja. Huku juu huitwa Athi. Ukishaungana na mto Tsavo ndani ya mbuga huitwa Galana. Ukikaribia pwani ndipo unapokuwa Sabaki. Kila jina limetokana na watu walioishi kando ya kipande chao cha mto, wakakiita kwa lugha yao. Galana ni neno la Kioromo, na katika lugha hiyo hutumika kwa maji mengi, mto mkubwa au hata bahari, jambo ambalo utalielewa vizuri ukisimama kwenye nyika kavu ya Tsavo mwezi wa Septemba na kuyaona maji yale yanapita.

Sasa mfuateni kwa kidole. Huu ni mto wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana. Chimbuko lake liko kwenye ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa, upande wa vilima vya Ngong, na kwenye miteremko ya Kiambu inayoteremka kutoka milima ya Aberdare, ambako hutoka Ruiru, Ndarugu na vijito vingine. Mto Nairobi nao, unaoanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, hupita katikati ya jiji na kuingia Athi pamoja na kila kitu ambacho jiji limeutupia. Tone la mvua likiangukia upande wa magharibi wa vilima vya Ngong, huteremkia Bonde la Ufa na haliioni bahari abadani. Likiangukia upande wa mashariki, hatua chache tu kutoka hapo, linakuwa limeianza safari ya kuja Malindi. Mstari huo usioonekana, unaopita juu ya migongo ya vilima na kuyagawa maji, ndio mpaka wa bonde la mto. Waambie wanafunzi wauchore kwa penseli kabla ya kuuchora mto wenyewe, maana aliyezoea kuchora mto kwanza hudhani mto ni ule mstari wa buluu tu.

Baada ya tambarare za Athi mto unaelekea Kilimambogo, unaporomoka pale Fourteen Falls, kisha unageuka na kushika njia ya kusini-mashariki. Hapo unakutana na jambo la ajabu ambalo wengi hulipita kwenye barabara ya Mombasa bila kulijua. Upande wake wa kushoto kuna mwinuko mrefu, uliolala sawasawa juu kama meza, unaoitwa Yatta. Huo ni mkondo wa lava uliotiririka miaka wapata milioni 13 iliyopita ndani ya bonde la mto wa kale, ukapoa na kuwa jiwe gumu. Miamba laini iliyokuwa kingo za bonde hilo ikaliwa na mvua ikaisha, lava ikabaki, na kilichokuwa shimo kikawa mlima. Yatta ina urefu wa karibu kilomita 300, na Athi huuambaa msingi wake kwa safari ndefu. Ndiyo maana si mvua yote ya Ukambani inayofika kwenu: inayonyesha mashariki ya Yatta, katika sehemu kubwa ya Kitui, huingia mto Tiva na kuelekea nyika za upande wa Tana, ambako mara nyingi hunywewa na mchanga kabla haijafika popote.

Inayonyesha magharibi ya Yatta, yaani Machakos, Makueni na sehemu za Kajiado, ndiyo huja kwenu kwa kupitia Thwake, Kiboko, Kibwezi na vijito vingi ambavyo kwa zaidi ya nusu ya mwaka ni njia za mchanga mkavu tu. Kisha mto unaingia Tsavo Mashariki, unapokea maji ya Tsavo, unajibana kwenye miamba ya kale yenye mistari katika maporomoko ya Lugard, halafu unatanuka na kutulia hadi kwenu.

Nikifika hapo nataka kusisitiza jambo moja, maana ndilo jibu la swali la mtoto. Maji ya mto huu na udongo wa mto huu havitoki mahali pamoja. Wakati wa kiangazi, vijito vya Ukambani vikiwa vimekauka, mto unashikiliwa na maji yanayotoka chini ya ardhi. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu haitengenezi mto wowote juu yake, kwa kuwa vilima vile ni majivu na mawe ya volkano yenye matundu. Inazama yote, inasafiri gizani, na kuibuka kwenye chemchemi za Mzima, ikiwa safi kiasi kwamba unaweza kuhesabu samaki waliopita chini ya kiboko. Sehemu ya maji hayo imekuwa ikipelekwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950, na yanayobaki huteremka na mto Tsavo, ambao nao una asili yake upande wa Kilimanjaro. Maji ya namna hiyo hayabebi udongo. Udongo huja na mvua, kwa siku chache tu za mwaka, kutoka kwenye ardhi iliyo wazi. Nimewahi kusoma kibao kimoja asubuhi nikakuta maji yako chini ya magoti, nikakisoma tena jioni nikakuta alama tatu za juu zimefunikwa na povu jekundu, ilhali pale niliposimama halikuwa limeanguka tone.

Kwa hiyo mwambie mwanafunzi wako kwamba wingi wa udongo ule ni wa Ukambani na tambarare za juu, ingawa hata nyuma yenu, upande wa Magarini, kuna mchanga mwekundu ambao mvua kubwa huuchukua. Na kuhusu ile chupa isiyotaka kung'aa, mfanye jaribio. Mchukue chupa mbili za maji yaleyale, moja mtie vijiko viwili vya chumvi, mzitikise zote mbili, mziweke dirishani na kutazama. Sitawaambia kitakachotokea.

Mwana wa Iveti

Nimeyasoma maelezo ya Mzee kwa makini na ninamshukuru, ila naona ni haki aliyekulia huko udongo unakotoka naye aseme neno, kwa sababu mara nyingi habari hii husimuliwa kana kwamba sisi tumekaa tu tukiitazama mali yetu ikienda baharini.

Mimi ni mkulima wa Machakos, kwenye miteremko ya Iveti. Kwetu mvua tunayoitegemea zaidi kwa chakula ni ya Oktoba hadi Desemba. Hebu fikirini hali ya ardhi mwishoni mwa Oktoba: miezi mitano bila mvua ya maana, nyasi zimeliwa hadi mizizini, shamba limelimwa likisubiri mbegu, na njia za ng'ombe zimekuwa vumbi linalozama mguu hadi kifundoni. Ndipo inapoanguka mvua ya kwanza, nayo haidondoki taratibu, humwagwa. Kwa dakika arubaini ile njia ya ng'ombe inakuwa mfereji, na mfereji ukiachwa misimu mitatu unakuwa korongo ambalo ndama akiingia hatoki. Hayo maji mekundu mliyoyachota darajani ni juma la kwanza la Novemba la kwetu.

Lakini kuna kitu tulichokifanya, na jina lake ni la Kiswahili, na jina hilo sasa linasomwa na wataalamu wa udongo katika nchi nyingi ambao hawajui neno jingine la lugha yetu: fanya juu. Marehemu babu yangu alinifundisha nikiwa na umri wa hao wanafunzi. Unapima usawa wa mteremko kwa vijiti viwili na uzi wenye pimamaji katikati, unaweka alama kukata mteremko, kisha unachimba mtaro kwenye alama hizo. Udongo unaoutoa unautupa upande wa juu wa mtaro. Ukiutupa upande wa chini, hiyo ni fanya chini, na ni kazi rahisi zaidi, kwa kuwa hapo udongo unateremka wenyewe, ilhali wa juu ni lazima uuinue kwa koleo. Juu ya tuta unapanda nyasi, nepia au nyinginezo, ili mizizi ilishike na ng'ombe wapate chakula. Mvua ikija, udongo unaoteremka kutoka shamba la juu unagota kwenye tuta na kukaa. Mwaka wa kwanza huoni tofauti. Mwaka wa saba shamba lako lililokuwa limeinama limekuwa ngazi, na mahindi ya karibu na tuta ni marefu kuliko ya katikati, kwa sababu hapo ndipo maji na rutuba vimelala. Kazi hiyo hakuna mtu aliyeiweza peke yake. Ilifanywa kwa mwethya, vikundi vya majirani, wengi wao wanawake, leo kwangu na kesho kwako.

Na si kweli kwamba udongo ulianza kuondoka kwa sababu watu walikuwa wajinga. Serikali ya kikoloni ilitwaa ardhi pande zote za Machakos, watu na mifugo yao wakabanwa kwenye vilima, na ardhi ilipoanza kuchakaa wakaambiwa kosa ni la ng'ombe wao. Mwaka 1938 ng'ombe walipokamatwa kwa nguvu ili wapunguzwe, maelfu ya Wakamba waliongozwa na Muindi Mbingu hadi Nairobi kudai mali yao. Ushahidi wa jambo hili uko baharini kwenu, Mwalimu. Mwaka 2007 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliotoboa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 na kupima madini ya bariamu katika kila tabaka lake, kwa kuwa bariamu huletwa baharini na udongo wa mto. Kwa karne mbili za kwanza kiwango kilikuwa kidogo na hakikubadilika sana. Kinapanda kuanzia mwanzo wa karne ya ishirini, ukoloni ulipoingia na matumizi ya ardhi yakabadilika. Tumbawe lile liliandika tarehe bila kuulizwa.

Leo miteremko mingi ya Machakos ina matuta, ingawa idadi ya watu imeongezeka mara nyingi tangu enzi hizo. Udongo bado unaondoka, lakini tafuteni pia kwenye barabara za vumbi zisizo na mitaro, kwenye malisho ya nyanda za chini, na kwenye vitanda vya mito vinavyochimbwa mchanga wa kujengea Nairobi. Mchanga wa mto wa msimu ndiyo tangi letu la maji: ukifukua kwa mkono wakati wa kiangazi unapata maji ya kunywa. Lori likiuzoa hadi mwamba ukatokea, kisima kinakufa na kingo zinaanguka. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015, na naona ilifanya vyema, japo lori halisomi sheria usiku.

Nahodha wa Mambrui

Salaam aleikum. Kuhusu bara sina la kuongeza, wenye kujua wamesema. Nitajibu lile la tatu, la tope kuhama, kwa sababu hilo sisi wavuvi tunaishi nalo.

Mwalimu, mto hautoki mahali pake. Pepo ndizo zinazobadilika. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba, upepo hutoka kusini na mkondo wa bahari unakwenda kaskazini kwa nguvu. Mafuriko ya masika yakitoka mlangoni, maji mekundu hugeuka kushoto, yakapita mbele ya Mambrui kwetu na kuelekea Ngomeni na ghuba ya Ungwana. Wakati huo bahari ya Malindi inaweza kuwa safi huku yetu ikiwa tope tupu. Kisha huja tanga mbili, pepo zikiwa hazijaamua. Halafu kaskazi inaingia, Novemba hadi Machi, na maji ya juu yanasukumwa kusini. Sasa liunganisheni hilo na maneno ya Mwana wa Iveti: mvua ya kwao ya Novemba inaangukia ardhi iliyo wazi kabisa, na maji hayo yanafika mlangoni wakati uleule upepo unapogeuka kuelekea Malindi. Ndiyo maana tope la vuli ndilo mnalolilalamikia zaidi huko mjini, nalo linakuja mkiwatarajia wageni wa Desemba.

Aliye chomboni huuona mpaka wake waziwazi. Upande mmoja wa mashua maji ni ya kijani, upande wa pili ni ya udongo, na katikati kuna mstari wa povu, vijiti, magome na majani ya bara, umenyooka kama uliochorwa. Tunatupa nyavu kando ya mstari huo, maana samaki nao wanaujua.

Ningependa wanafunzi wasifundishwe kwamba tope ni adui tu. Ni kweli limeyadhuru matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu mwaka 1968, kwa kuwa tumbawe linataka mwanga na likifunikwa na udongo linakosa pumzi. Lakini kamba wadogo tunaowavua ghuba ya Ungwana hukulia kwenye maji haya machafu ya Sabaki na Tana. Mwaka wa ukame mkubwa, mto ukiwa mwembamba, nyavu zetu za kamba hurudi nyepesi. Mchanga wa mto ndio uliojenga vilima vya mchanga vilivyo kati ya mlango wa mto na Mambrui, na ndio ulioisogeza mbele fukwe ya mji wa Malindi. Muulize mzee yeyote wa hapo mjini akuonyeshe bahari ilipofika alipokuwa kijana. Atakuonyesha mahali ambapo leo watoto wanacheza mpira hata maji yakijaa.

Jambo linalonitia wasiwasi ni bwawa la Thwake. Ninataka watu wa bara wapate maji, wala sina neno na hilo. Ila kwa miaka yote hii hatujaulizwa: mchanga ukizuiwa huko, huku nini kitakuja kukaa mahali pake?

Binti wa Voi

Shikamoo Mzee wa Vipimo, na shukrani kwenu nyote. Nina swali dogo. Mto wetu wa Voi unatoka vilima vya Taita na kupita Tsavo Mashariki hadi bwawa la Aruba. Je, nao unaingia Galana? Shuleni tuliambiwa mito yote ya Tsavo ni ya Galana.

Mzee wa Vipimo

Marahaba, mwanangu. Hapana. Voi, zile siku chache za mwaka ambazo una maji ya kutosha, hupita kusini mwa bonde la Galana, ukabadilika jina njiani kama ndugu zake, na kuelekea hori ya Kilifi. Ukisimama kati ya Voi na Galana nchi inaonekana tambarare kabisa, na huwezi kuamini kwamba chini ya miguu yako kuna mpaka wa maji. Kupanda kwa mita chache tu katika kilomita nyingi kunatosha. Walimu wengi hufundisha kwamba ni lazima mpaka wa bonde uwe mlima. Bonde la Sabaki lina pande zote mbili: kule Ngong mpaka wake ni mgongo wa mlima, na kwenu ni uwanda ambao jicho haliuoni.

Nahodha, swali lako la Thwake ni la haki, na wanaostahili kuulizwa ni waliolibuni. Ninaloweza kusema ni kanuni ya kazi yenyewe. Bwawa hilo, linalojengwa tangu mwaka 2018 pale Thwake unapoungana na Athi, liko chini ya sehemu kubwa ya Machakos na Makueni. Maji yanayoingia kwenye bwawa hupunguza mwendo, na yakipunguza mwendo hutua mzigo: mchanga kwanza, kisha udongo laini. Yanayotoka upande wa pili huwa mepesi na yenye njaa, nayo huanza kuzitafuna kingo za mto ili yajaze tena kilichopungua. Misri walilipata somo hilo baada ya bwawa la Aswan kukamilika mwaka 1970. Mashapo ya Nile yalibaki nyuma ya ukuta na pwani ya delta ikaanza kuliwa na mawimbi. Sabaki si Nile, na chini ya Thwake bado kuna ardhi nyingi inayotoa udongo, lakini kwa maoni yangu kupima mchanga unaofika darajani kungepaswa kuanza miaka mingi kabla ya ukuta kusimama, ili kuwe na cha kulinganisha. Vilevile matuta ya Mwana wa Iveti yana faida ya pili ambayo hakuitaja: kila koleo la udongo linalobaki Iveti halitalijaza bwawa hilo.

Mwalimu wa Malindi

Sina shukrani za kuwatosha. Leo nimetumia vipindi viwili kwa somo hili, na mwalimu wa sayansi ameniachia kimoja chake.

Tulianza kwa penseli, kama Mzee alivyoelekeza. Wanafunzi wengi walikosea upande wa Kitui, wakaiingiza yote kwenye bonde letu, hadi tulipoiweka Yatta kwanza. Baadaye tulirudi kwenye chupa. Chupa iliyotiwa chumvi ilianza kufanya mawingu madogo kabla ya kengele ya mapumziko, mawingu yakaungana, yakazama, na kufikia saa nane mchana tuliweza kuisoma karatasi iliyowekwa nyuma yake. Chupa nyingine mpaka tunafunga shule ilikuwa bado nyekundu. Yule msichana aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba bila shaka jambo hilohilo hutokea mto unapokutana na bahari, na kwamba ndiyo sababu udongo uliosafiri kutoka Machakos bila kuchoka huamua kutua hapa kwetu. Maneno ni yake, sikumsaidia.

Ameniomba nimuulizie Mwana wa Iveti kama anaweza kutupatia udongo kidogo wa shamba lake, ili tuulinganishe na ule uliotua kwenye chupa. Kama si usumbufu, ndugu yangu.

Mwana wa Iveti

Hakuna usumbufu wowote, Mwalimu. Nitatia katika mifuko miwili: mmoja udongo wa juu ya tuta, wa pili ule uliotua mtaroni baada ya mvua ya Jumapili, maana rangi zake hazifanani na afadhali watoto wajionee. Ijumaa nitampa dereva wa basi la Mombasa ninayemfahamu, na kutoka hapo utaunganishwa na gari la Malindi. Mwambie binti huyo aandike kwenye chupa udongo upi umetoka juu ya tuta na upi umetoka mtaroni, asije akavichanganya.